Kopo la Mama Nsimire

Ngo, ngo, kata-ka. Ngo, ngo, kata-ka.

Sauti ilitangulia watu. Ilipanda nyuma ya ukuta wa matofali wa uwanja pamoja na vumbi la barabara ya Kinama, na Fortunat, aliyekuwa ameinama akipepea makaa, hakuona kitu. Alisikia tu bati likigongwa kwa kijiko, bati jingine likijibu kwa kiganja, kicheko cha wanawake kikipita katikati, kisha bati tena, kwa mpigo unaomwinua mtu kisigino hata kama ameamka na huzuni.

Na yeye alikuwa ameamka na huzuni.

Lango likafunguliwa, makopo yakaingia. Makopo matupu ya chumvi, meupe, yenye vifuniko vya kijani, mamia yake, na chini ya makopo hayo wanawake waliovaa vitenge vya Jumapili ingawa ilikuwa Jumamosi asubuhi. Waliambiwa wayarudishe siku ya kusikiliza matokeo ya utafiti. Hakuna aliyewaambia wayapige. Mbele yao wote, akigonga lake kwa mwiko, alikuja mama mzazi wa Fortunat, Mama Nsimire, mwanamke wa Bukavu aliyevuka mpaka akiwa na mimba na hajawahi kumwomba mtu radhi kwa kelele zake.

"Fortu," alimwita kwa mbali, "puliza huo moto vizuri. Sura yako itaozesha nyama."

Kwa mwaka mzima, nyumba mia nne za mtaa wa Kinama zilikuwa zimekula chumvi ya bure. Nusu ya makopo yalikuwa na chumvi ya kawaida, hii hii ya sokoni. Nusu nyingine yalikuwa na chumvi mpya, iliyopunguzwa sodiamu na kuongezwa potasiamu, ambayo madaktari walitaka kujua kama kweli itashusha tansiyo, presha ya damu, ya watu wa hapa. Makopo yalifanana kama mapacha. Yalitofautiana namba tu, na siri ya namba ilikuwa imefungwa kwenye kabati mbali na Kinama. Mama aliyekuwa jikoni hakujua kopo lake lina nini. Muuguzi aliyelileta naye hakujua, kwa sababu mtu akishajua, jicho lake linaanza kuona linachokitaka.

Fortunat pekee ndiye aliyejua. Angalau aliapa kwamba anajua.

Ulimi wa Fortunat ulikuwa na jina mtaa mzima wa Jabe. Miaka kumi alikuwa akichoma brosheti, mishikaki ya mbuzi, pale kwenye kona ya soko, na watu waliwahi kumfunga macho kwa kitambaa wakamlambisha chumvi tano tofauti, na ile ya Uvinza akaitambua kabla haijayeyuka. Basi siku ile kopo namba mia mbili kumi na nne lilipofika kwao, alifungua, akachovya kidole, akalamba, akatazama juu kama mtu anayesikiliza wimbo. Alikuwa anafungua kinywa kutoa hukumu pale muuguzi, msichana mwembamba mwenye macho ya kuuliza, aliporuka na kumziba mdomo kwa kiganja.

"Usiniambie," alisema. "Hata kama unajua, usiniambie."

Kiganja kilinukia sabuni ya hospitali. Kilikaa pale mdomoni muda mrefu kidogo kuliko haja. Msichana akagundua, akakiondoa, akaandika jambo kwenye fomu ambalo halikuhitaji kuandikwa. Aliitwa Benite. Kuanzia siku hiyo Fortunat alipenda kunyamaza, yeye ambaye mtaani walimwita redio.

Walipendana miezi saba. Kila mwisho wa mwezi Benite alikuja kupima tansiyo ya mama na uzito wa kopo na kulijaza upya, na siku nyingine alikuja bila kipimo chochote. Lakini ndani ya mapenzi hayo kulikuwa na mwiba. Ulimi wa Fortunat ulikuwa umemwambia kwamba kopo la mama yake ni chumvi ya kawaida, ile inayopandisha tansiyo, na kila alipomwona mama akinyunyizia sombe, yale majani ya muhogo, alihisi kama anamwona akinyweshwa sumu. Jioni moja uzalendo ukamshinda.

"Hili kopo nitalimwaga," alimwambia Benite. "Na bila haya nitalimwaga."

"Ukilimwaga," Benite alijibu, "usinitafute tena."

Mwezi uliofuata Benite alikuja na mizani yake mapema kuliko kawaida. Kopo la mwezi mzima lilikuwa limeisha kwa siku tisa. Alimtazama Mama Nsimire, Mama Nsimire akatazama bati la paa. Alimtazama Fortunat.

"Ni wewe?"

Fortunat alijua chumvi ilikoenda. Alijua vizuri sana. Lakini kusema kungemweka mama yake mahali pabaya, na mama alikuwa anategemea dawa za tansiyo za mradi ule. Akasema, "Sina la kusema."

Benite alikunja mizani yake, akaondoka. Mwezi uliofuata alitumwa muuguzi mwingine. Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita, na Fortunat aliihesabu mmoja mmoja. Sasa alikuwa amesikia kwamba Jumatatu Benite anahamia Ngozi kwa kazi mpya. Ndiyo maana alipoombwa kuja kuchoma nyama ya siku ya matokeo alikubali kabla hajaambiwa ni mbuzi wangapi. Kama hatazungumza naye leo, imekwisha.

Alimwona upande wa pili wa uwanja, akipanga bahasha mezani. Alikuwa amesuka nywele upya. Alinyanyua macho, macho yao yakagongana juu ya vichwa vya mamia ya watu, na wote wawili wakageukia kazi zao kwa haraka ya watu walioshikwa wakiiba.

"Wewe ndiye yule mutu wa Jabe?"

Fortunat akageuka. Mbele ya jiko alisimama mzee mrefu aliyevaa koti la kijivu, kofia ameishika mkononi. Hakuhitaji kuambiwa. Paji lile la uso, na ile namna ya kuinua kidevu kabla ya swali, alikuwa amevitazama miezi saba kwa Benite. Huyu alikuwa Mzee Melchior wa Mutanga Nord, mtaa wa wenye nacho, mtumishi wa serikali mstaafu, aliyemwambia binti yake kwamba hakumsomesha uuguzi ili aje kunukia moshi.

"Ndiye mimi, muzee. Karibu."

"Nimesikia sana juu ya hizi brosheti. Nipe mbili. Zile za katikati."

Hapo Fortunat akaacha kupepea. Daktari Adolphe, mkuu wa utafiti, alikuwa amemwagiza jambo moja. Nyama yote ya katikati imewekwa chumvi mpya ili watu waionje, na chumvi mpya ni nzuri kwa wengi lakini si kwa mwenye figo mbovu, maana figo zake hazitoi potasiamu mwilini, inajaa kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo pembeni ya jiko kulikuwa na nyama isiyo na chumvi yoyote, ya ndimu na vitunguu na pilipili. Na kila mtu lazima aulizwe.

"Kwanza nikuulize, muzee," Fortunat alisema. "Figo zako ziko namna gani?"

Kidevu kikapanda. "Nini?"

"Figo."

"Nimefanya kazi ya serikali miaka thelathini na mbili. Hakuna mutu amewahi kuniuliza figo."

"Na mi nimechoma nyama miaka kumi, sijawahi kuuliza mutu. Lakini leo nauliza wote. Hata padri nimemuuliza."

"Figo zangu ni za kijana," Mzee Melchior alisema kwa sauti ya kusikika na foleni nzima. "Lete."

Haikuwa kweli, na Fortunat alijua. Benite aliwahi kumwambia, akilia kidogo, kwamba baba yake anaificha karatasi ya hospitali ndani ya faili la bima ya gari, ili wenzake wasijue kwamba figo zake zimechoka. Sasa angefanyaje? Ampe mzee nyama anayoitaka, apate baraka yake, na amdhuru? Au amnyime baba wa mpenzi wake nyama mbele ya watu, jambo ambalo hata mlevi hathubutu?

Alichukua brosheti mbili za pembeni.

"Nimesema za katikati," mzee alisema.

Nyuma yake kwenye foleni alisimama Mawazo, jirani yao, mwenye mtoto mgongoni na mdomo usiopumzika. "We Fortunat, unamuchagulia muzee nyama? Mama yako alikulea wapi, kwenye kituo cha basi?"

Watu wakacheka. Fortunat aliinama kuelekea kwa mzee kana kwamba anatengeneza makaa, akasema kwa sauti ya chini sana, "Muzee, sasa hivi nitasema hizi za katikati nimeziharibu. Watanicheka mimi, hawatakucheka wewe. Lakini hizi sikupi, hata ukiniitia polisi."

Halafu akainuka na kusema kwa sauti ya mnada, "Samahani jamani, hizi za katikati bado mbichi ndani. Leo mukono wangu umelala. Muzee amekubali kunisaidia kuonja za pembeni."

"Mukono umelala," Mawazo alisema. "Mi nilijua. Tangu yule muganga wa hospitali amuache, hata kuamka anasahau."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mzee Melchior alibaki ameshika brosheti. Alimtazama kijana yule kwa muda mrefu, akaing'ata nyama, akatafuna polepole kama anayesoma barua ya kazini.

"Haina chumvi," alisema.

"Haina, muzee."

"Ndimu imezidi."

"Imezidi kidogo."

Mzee akala ya kwanza, akala ya pili, akachukua ya tatu mwenyewe pale pembeni, na bila neno jingine akaenda kuketi kwenye kivuli cha turubai.

Alipoondoka tu, mtu mwingine akasimama mahali pake. Sabuni ya hospitali ilifika kabla ya sauti.

"Fortunat."

Jina zima. Zamani alikuwa Fortu. Alipanga vijiti vyake, akavipanga upya. "Muganga," alijibu.

"Umemupa Papa nini?"

"Ya pembeni."

"Alikubali?"

"Apana. Lakini amekula tatu."

Benite aliuma mdomo wa chini. Fortunat aliujua mdomo ule. Ulikuwa unazuia tabasamu kwa nguvu zote. Halafu ukashindwa kuzuia jambo jingine, na uso wake ukawa mzito.

"Watu mia nne unawauliza figo zao, unafuata kila sharti. Kopo moja la mama yako likakushinda."

"Benite."

"Nilikuomba jambo moja tu. Moja. Unajua nililia njia nzima mpaka Jabe? Mutu wa kwenye basi alinipa kitambaa chake, na kilikuwa kichafu."

"Sikulimwaga."

"Basi liliisha vipi kwa siku tisa?"

Mafuta yakadondoka kwenye makaa, moshi ukapita kati yao, na hakuna aliyerudi nyuma.

"Nitakuambia ukweli wangu, si wa mutu mwingine," Fortunat alisema. "Nililishika mara mbili. Mara ya pili nilifika nalo mpaka mlangoni, nimeshalifungua. Hapo nikasikia mukono wako hapa." Aligusa mdomo wake. "Kabisa kama siku ile. Nikalirudisha. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, nenda Ngozi, na mi nitabaki hapa nachoma nyama mbichi ndani mpaka wateja wanikimbie wote."

Macho ya Benite yalikuwa yameanza kung'aa. "Sasa nani?"

"Sina la kusema."

"Mungu wangu, maneno yale yale."

"Nani kasema nini?" Mama Nsimire alikuwa amefika, kopo kwapani, mwiko mkononi. Alimtazama mwanawe, akamtazama muuguzi, akatazama umbali uliokuwa kati yao. "Ngoja. Mi niliambiwa huyu binti ana kazi nyingi, ndiyo maana haji. Ni kopo? Miezi mitano yote hii ni kopo?"

"Mama, acha," Fortunat alisema.

"We nyamaza, hukuzaliwa na akili ya kusema uongo, ulizaliwa na kichwa kikubwa tu, nakumbuka vizuri." Akamgeukia Benite. "Mwanangu, ile chumvi niliigawa mimi."

Benite alimgeukia Fortunat, kisha akamrudia mama.

"Huyu Mawazo hapa, alikuwa anaomba kila siku. Na mama Chanelle. Na wale wa nyumba ya bluu. Mutoto analia, sombe iko kwenye moto, haina chumvi, mutu anasimama mlangoni kwangu na kibakuli. Nifanye nini? Nimuonyeshe karatasi ya utafiti? Nimuambie, samahani dada, hii chumvi ni ya sayansi?"

"Ilikuwa tamu sana ile chumvi," Mawazo alisema kutoka kwenye foleni, bila hata chembe ya aibu.

"Nilitia dole gumba kwenye karatasi kwamba sitagawa," Mama Nsimire aliendelea, na sauti ikapungua kwa mara ya kwanza siku ile. "Nikaogopa wataniondoa, na dawa zangu zitakwisha. Huyu alijua. Nilimuambia asiseme. Sikujua ananyamaza mpaka anakupoteza. Ningejua ningekuja kwa miguu mpaka Mutanga."

Benite alikuwa ameweka mikono yote miwili usoni. Mabega yalikuwa yanatikisika. Fortunat akazunguka jiko, mkono umenyooshwa, kabla hajagundua kwamba msichana hakuwa analia. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Kuna mstari wake," alisema alipopata pumzi.

"Mstari gani?"

"Kwenye fomu. Swali la kumi na saba. Je, familia imegawa chumvi kwa jirani? Ndiyo au apana. Mama Nsimire, wewe uliniambia apana, lakini nusu ya Kinama wamejibu ndiyo. Daktari Adolphe alitegemea hivyo tangu mwanzo, alishafanya hesabu yake. Hakuna mutu ameondolewa. Hakuna mutu angeondolewa."

Fortunat alisimama pale na kipepeo chake cha makaa mkononi. Miezi mitano ya kukosa usingizi, na dawa yake ilikuwa swali la kumi na saba.

"Ungeniuliza tu," Benite alisema.

"Na wewe ungeniuliza tena."

"Nilikuuliza."

"Mara moja. Mutu mwenye kichwa kikubwa anaulizwa mara tatu."

Hapo Benite akamwita Fortu, kwa sauti ndogo, kama anayejaribu kiatu cha zamani kuona kama bado kinamtosha. Mama Nsimire akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli mahali pengine, akaondoka, akasimama hatua tatu mbele ili aendelee kusikia.

Kipaza sauti kikakohoa. Daktari Adolphe, mtu mfupi mwenye tai iliyopinda, alisema hatawachosha, kisha akaongea dakika ishirini. Lakini waliyoyataka waliyapata. Waliokula chumvi mpya, tansiyo zao zilishuka kuliko za wenzao. Si kwa kila mtu, na si kama muujiza, lakini zilishuka. Alisema katika nchi nyingine walishaona chumvi ya namna hii ikipunguza kiharusi, na wao walitaka kujua kama itafaa katika vyungu vya hapa. Kisha akasema jambo ambalo Fortunat hakulitegemea kwa mkubwa.

"Mi na wenzangu bado tunabishana. Kuna anayesema chumvi hii iingie sokoni kesho. Kuna anayesema, subiri, mutu mwenye figo mbaya hajijui, ataila na itamuumiza. Wote wana haki. Hatujamaliza."

Chini ya turubai, Mzee Melchior aliacha kutafuna.

Zikaanza kugawiwa bahasha, namba kwa namba, kila nyumba ijue ilikula nini. Mama Nsimire alipokea ya kwake, akaileta kwenye jiko, akampa Benite. "Soma wewe. Miwani yangu ni ya kupendeza tu."

"Ngoja," Fortunat alisema. Akavuta pumzi. Kiburi chake chote kilikuwa kimerudi, kimenyooka kama kijana anayekwenda kupigwa picha. "Mwaka mzima mumenifunga mdomo. Leo naruhusiwa?"

"Leo unaruhusiwa," Benite alisema.

"Ni chumvi ya kawaida. Ya Uvinza, yenye punje ndogo, imesagwa mara mbili. Naapa kwa ulimi huu. Na mama, usihuzunike, tutatafuta hiyo mpya hata kama—"

Benite alikuwa amefungua bahasha. Alisoma. Akasoma tena. Akaigeuza karatasi ili Fortunat aisome mwenyewe.

Kopo namba 214: chumvi mpya.

Moshi ulipita. Mahali fulani mtoto aligonga kopo mara moja, akanyamazishwa.

"Wamekosea," Fortunat alisema.

"Mama alianza na tansiyo kumi na saba," Benite alisema taratibu. "Mwezi uliopita ilikuwa kumi na nne, nimeiona kwenye faili. Mi sikujua ni kwa nini. Nilidhani ni dawa tu. Labda ni dawa, labda ni kopo, labda ni vyote viwili. Lakini ungelimwaga, Fortu."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Fortunat alijiona tena pale mlangoni, kopo limefunguliwa, hakika yake mkononi, hatua moja kutoka mtaroni. Akaketi kwenye gunia la makaa na suruali yake ya kanisani.

"Ulimi wa Jabe nzima," Mawazo alisema kwa heshima kubwa.

Ndipo kikamtoka. Kilianza tumboni kama kikohozi, kikapanda, na Fortunat akacheka. Alicheka kama ambavyo hakuwa amecheka kwa miezi mitano, ameketi kwenye makaa, machozi yakichora mistari kwenye masizi ya uso. Mama Nsimire akaanza kugonga kopo lake, mama Chanelle akajibu, na kwa dakika nzima uwanja wote ukawa ngoma kwa heshima ya mtu aliyekosea. Benite akachuchumaa mbele yake, akamfuta shavu kwa kidole gumba. Hakukiondoa haraka, na safari hii hakutafuta fomu.

Ngoma zilipotulia, koti la kijivu lilikuwa limesimama juu yao. Fortunat akaruka wima.

"Nasikia umekosea mwaka mzima," Mzee Melchior alisema.

"Mwaka mzima, muzee. Bila siku ya mapumziko."

"Na kwangu mimi, asubuhi hii? Ulitumia ulimi?"

"Apana. Kwako niliuliza."

"Na mi nikakudanganya."

Fortunat alirudi kupepea makaa.

"Ulijua nadanganya. Nani alikuambia?"

Benite alitazama chini. Fortunat alitazama vijiti vyake, akageuza kimoja ambacho hakikuhitaji kugeuzwa. Mzee akasubiri. Alikuwa ametumia maisha yake ofisini akisubiri watu waseme, na alijua kupima ukimya wa mtu. Mwishowe kidevu kikashuka.

"Basi kunyamaza unajua," alisema. "Binti yangu atakuwa anarudi kutoka Ngozi mara moja kwa mwezi, Jumapili. Jumapili ya kwanza akirudi, njoo Mutanga na mama yako. Lete wazee wawili wanaojua kuongea kwa adabu."

"Mi najua kuongea," Mama Nsimire alisema.

"Ndiyo maana nimesema wazee wawili, mama." Na mzee akavaa kofia yake, lakini hakuondoka. Alisimama hatua chache, ametazama pembeni, kama baba anayewapa watoto nafasi na bado anawalinda.

Benite aliinuka, akakung'uta makaa kwenye sketi yake. "Ni miezi sita kule," alisema. "Kila wilaya, kila kilima. Na simu haishiki kila mahali. Nakujua, Fortu. Siku moja utaketi peke yako hapa, kichwa kitakuambia jambo juu yangu, na utaliapia. Kama ulivyoliapia lile kopo."

"Naweza."

"Na mi siko hapa wa kukuziba mdomo."

Fortunat alishika mikono yake miwili kwa mikono yake michafu. Hakushusha sauti. Alitaka baba asikie, na mama, na Mawazo mwenye mdomo usiopumzika, ili siku akisahau wawe na cha kumkumbusha.

"Benite, nakuahidi hivi. Siku nikiwa na shaka juu yako, nitavumilia. Lakini siku nikiwa na hakika, ile hakika yangu ya kuapa, siku hiyo nitapanda gari la asubuhi mpaka Ngozi, nitakutafuta kwenye kilima chochote uliko, na kabla sijafungua mdomo kusema ninachokijua, nitakuuliza. Nitakuuliza mara tatu."